Chai Bila Sukari Katika Nchi ya Miwa

Anayetoka Kampala kwenda Jinja hukutana na sukari kabla hajauona mto Nile. Ukishaipita Mukono, barabara hupanda na kushuka vilima vya Buikwe, na ukikaribia Lugazi miwa husimama pande zote mbili hadi huoni nyumba wala watu. Matrekta yanakokota matela yaliyojazwa kupita kiasi, muwa mmojammoja unaanguka lamini, na wa kuuokota hakosekani. Hapa ndipo Nanji Kalidas Mehta, mfanyabiashara aliyetoka Gujarat, alipojenga kiwanda chake cha sukari mwaka 1924. Upande wa Kasaku kuna kijani cha namna nyingine: vichaka vya kimo cha kiuno, vimekatwa sawasawa kwa juu, vimetandaa juu ya miteremko mpaka karibu na msitu. Hiyo ni chai, nayo ni mali ya jamii ileile ya kibiashara ya Mehta. Jani na sukari vimelelewa nyumba moja.

Baada ya hapo unaingia Mabira. Hewa inapoa, mwanga unapungua, na pale Najjembe wachuuzi wanalivamia gari na mishikaki ya kuku na ndizi za gonja za kuchoma. Mwaka 2007 msitu huu uliingia kwenye ugomvi wa sukari. Serikali ilipendekeza kukipa kiwanda cha Lugazi kiasi cha hekta 7,100, karibu robo ya msitu, ili zipandwe miwa. Mwezi Aprili waandamanaji wakajaa barabara za Kampala, watu wakafa, na Waganda wakahimizana kutoinunua sukari ya Lugazi. Mpango ukawekwa kando, ukafufuliwa mwaka 2011, ukapingwa tena. Miti bado imesimama, na wachuuzi wa Najjembe bado wanauza chini ya kivuli chake.

Mkobani mwangu kulikuwa na pakiti ya chai ya majani mazima, iliyotengenezwa kwenye vilima vya magharibi mwa Uganda, kule inakolimwa sehemu kubwa ya chai ya nchi hii. Aliyeniuzia Kampala aliniapia kwamba ina asali ndani yake, ingawa hakuna nyuki aliyeingia kiwandani wala tone lililoongezwa. Nikaona kiapo hicho kikapimwe mashariki. Busoga, upande wa Jinja, ni nchi ya sukari, kwa hiyo ndiko jani litakakopata mpinzani wa kweli. Bugisu, upande wa Mbale, ni nchi ya kahawa, na watu wake wamefundishwa kuonja.

Jinja unaiingia siku hizi kwa daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Ukiwa juu yake huyaoni maporomoko ya Ripon ambayo John Hanning Speke aliyafikia mwaka 1862 na kuyatangaza kuwa ndiyo chanzo cha Nile. Yalizama pale bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Mji wenyewe una barabara pana na miti mikubwa, na kwenye Main Street maduka ya Wahindi ya zamani bado yana vibaraza na miaka ya kujengwa iliyochorwa juu ya milango. Mashariki ya mji, mwendo mfupi kwa gari, kuna Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianza kusaga miwa mwaka 1930. Hivyo kikombe cha chai cha Jinja kimekaa katikati ya viwanda viwili vikubwa vya sukari, Lugazi magharibi na Kakira mashariki.

Kibanda nilichokaa kiko kwenye uchochoro jirani na soko kuu. Sigiri mbili, masufuria mawili, benchi moja, na mama mwenye kitenge cha njano ambaye mikono yake haitulii. Sufuria la kwanza ni la chai ya maziwa: maji, maziwa, tangawizi iliyopondwa, majani na sukari, vyote vinachemka pamoja mpaka rangi ikolee. La pili ni la chai kavu, isiyo na maziwa, nayo imekwishatiwa sukari kabla mteja hajafika. Kando kuna chapati, mandazi na viazi vitamu vya kuchemsha, maana Msoga akinywa chai bila kiazi huona kama bado hajala. Wateja ni waendesha bodaboda, wapagazi wa sokoni na wanafunzi wa chuo. Kila mmoja hupokea kikombe cha plastiki kilichojaa hadi mdomoni.

“Nnyabo, naomba chai kavu, isiyo na sukari.”

Akaniangalia kuanzia viatuni hadi kichwani. “Ssebo, una sukari?”

Nikamwambia mimi ni mzima, nataka tu kuonja. Hakuniamini, lakini alinichemshia maji mapya, akatia kijiko cha majani yake, akayaacha yatokote. Majani hayo yalikuwa punje ndogo nyeusi, karibu na vumbi. Chai ilitoka nyekundu iliyokolea. Ilikuwa na nguvu, ikakwaruza ulimi na kukausha ufizi, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Nikaelewa kwa nini wanaitia sukari tangu sufuriani. Chai ya namna hiyo imetengenezwa ili ibebe maziwa, tangawizi na sukari. Ukiivua vyote hivyo, unaionea.

Ndipo nikaomba maji yanayochemka na vikombe vya udongo, nikafungua pakiti. Majani yalikuwa marefu, yamesokotwa, meusi yenye ncha za rangi ya dhahabu. Nikatia kijiko kilichojaa katika kikombe, nikamimina maji, nikafunika kwa kisahani na kungoja kama dakika tano. Jinja na Mbale zote ziko kwenye mwinuko wa mita elfu moja mia moja na kitu juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye nyuzi 96 hivi. Chai ya majani mazima haidhuriki na upungufu huo, ila lazima maji yawe yanatokota kweli. Maji ya chupa ya chai yaliyokaa tangu alfajiri hayafai.

Nilipofunua kisahani, harufu ilitangulia. Ilikuwa asali, lakini siyo ile iliyochujwa ikang'aa. Ilikuwa ya sega, pamoja na nta yake na moshi kidogo. Chai yenyewe ilikuwa ya rangi ya shaba, angavu, unakiona kitako cha kikombe. Mdomoni haikuwa tamu kwa namna ya sukari. Ilipita laini, bila kukwaruza, na utamu ukaja baada ya kumeza, ukapanda puani na kubaki hapo. Nikampa mama kikombe. Alinusa, akanywa, akanyamaza, akainua pakiti na kuitikisa kana kwamba kuna kitu kimefichwa chini.

“Waliweka asali?”

“Hapana, ni jani tu.”

“Basi hili jani halikuharakishwa,” akasema, akamwita mwanawe aje aonje.

Mwendesha bodaboda aliyekuwa akitusikiliza naye akaomba. Akapiga funda moja, akakunja uso. “Haina kitu hii,” akasema, na kabla sijajibu akatia vijiko viwili vya sukari na kukoroga. Nilishukuru, kwa sababu alinifanyia jaribio nililokuwa nalihitaji. Tulipokinusa na kukionja kikombe kile tena, kilikuwa kitamu, hakuna ubishi, lakini asali ilikuwa imefifia, na kilichobaki kingeweza kutoka katika sufuria lolote la uchochoro ule. Mama akarudi kwenye kikombe chake kisicho na sukari, akakimaliza.

Aliposema jani halikuharakishwa, alikuwa amegusa kiini cha jambo bila kuambiwa. Ndani ya kikombe cha chai kavu isiyotiwa kitu karibu hakuna sukari. Tunachokiita utamu ni kazi ya pua, nayo huwezekana pale tu uchungu na ukakasi unapopungua. Harufu ya asali hutokana na kemikali kadhaa, na mojawapo ni fenilasetaldehaidi, ambayo imo pia katika asali ya nyuki. Katika chai huzaliwa kutoka kwa asidi-amino iliyo ndani ya jani, wakati jani linasindikwa. Kwa hiyo asali hii haichumwi shambani ikiwa tayari. Inatengenezwa, na anayeitengeneza zaidi ni muda.

Safari ya jani huanza na mchumaji anayechukua majani mawili na chipukizi. Jani hunyaushwa kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, mpaka lilegee na liache sehemu ya maji yake. Kisha hupondwa ili maji ya ndani yakutane na hewa, na hapo hugeuka rangi kama embe lililokatwa likaachwa mezani. Mwisho hukaushwa kwa joto ili mageuzi hayo yasimame. Tofauti kubwa iko katika kuponda. Kwa njia ya zamani jani husokotwa polepole, likabaki na umbo lake. Kwa mtambo wa CTC, uliobuniwa na William McKercher huko Assam mwanzoni mwa miaka ya 1930, jani hupita kati ya magurudumu yenye meno yanayolikata, kulichana na kuliviringisha kuwa punje. Punje hubadilika rangi haraka, hutoa chai nyekundu yenye nguvu, na kilo moja hujaza vikombe vingi. Viwanda vingi vya Uganda, sawa na vya Kenya, vimesimama juu ya mtambo huo.

Siulaumu mtambo. Ndio uliomwezesha mama wa uchochoroni kuuza kikombe kwa bei ambayo mpagazi anaimudu. Lakini kila kinachoharakishwa huacha kitu nyuma, na katika chai kinachoachwa ni harufu. Kule Taiwan wakulima wamefika mbali zaidi ya kusubiri tu. Kwa chai yao iitwayo Dongfang Meiren hawapigi dawa ya wadudu ili panzi mdogo wa kijani alifyonze jani likiwa bado kichakani. Jani lililojeruhiwa hutoa harufu za kujikinga, na harufu hizo kikombeni huwa asali na matunda. Huko mdudu anaongeza bei ya chai.

Uganda nayo ilipata kujifunza jinsi chai inavyolipiza inapoachwa. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, mashamba makubwa ya chai na ya miwa yalipoteza wenyewe na mafundi wao. Miwa ilimezwa na magugu. Kichaka cha chai kisipokatwa hurudi kuwa mti, na mti hauchumiki kwa mikono iliyosimama chini. Ilibidi kusubiri miaka ya 1980 na kuendelea, wenyewe waliporudi na mashamba kuanza kufyekwa upya. Tangu wakati huo nchi imepanda hadi kuwa ya pili Afrika kwa uzalishaji wa chai, nyuma ya Kenya. Sehemu kubwa ya chai hiyo huteremka kwa barabara hadi Mombasa, kwenye mnada uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969. Kabla ya kila mnada waonjaji hupita mbele ya safu ndefu za vikombe, wakivuta chai kwa kishindo na kuitema, bila maziwa wala sukari. Hukumu yao ndiyo bei, na mara nyingi chai ya Uganda hutoka hapo na bei ya chini kuliko ya Kenya na ya Rwanda.

Kutoka Jinja kwenda Mbale matatu hupitia Iganga, kisha inashika barabara ya Tirinyi. Miwa inakusindikiza Busoga, halafu inapungua na nafasi yake inachukuliwa na mihogo, mtama na mpunga. Ukivuka bonde la mto Mpologoma, mafunjo yamejaa pande zote, umeiacha Busoga. Muda si mrefu ukuta wa Wanale unatokea mbele, mwamba mrefu ulioegemea mji wa Mbale, na msimu wa mvua maji hutiririka juu yake kwa michirizi myembamba. Nyuma yake kuna mlima wenyewe. Wazungu waliuita Elgon, wenyeji wanauita Masaba, na kilele chake kina mita 4,321.

Mbale ni rahisi kwa Mswahili. Sokoni na kwenye vituo vya magari Kiswahili kinasikika kuliko Kampala, kwa kuwa mpaka wa Kenya hauko mbali na biashara haisubiri mkalimani. Salamu ni “mulembe”, ileile utakayosikia kwa Wabukusu upande wa pili wa mlima. Upande huo wa Kenya ipo chai iliyopandwa kwenye miteremko ya Elgon, lakini upande wa Uganda mlima ni wa kahawa aina ya arabika, iliyochanganywa na migomba. Chama cha ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954 kwa ajili ya kahawa hiyo, na hadi leo jina lake liko kwenye mazungumzo ya kila nyumba. Mwaka 2004 wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa vijiji vya karibu na mji walianzisha ushirika wao wa kahawa, Peace Kawomera.

Sokoni nilinunua asali ya mlimani, nyeusi, iliyotiwa kwenye chupa ya soda iliyooshwa, ili pua iwe na kitu halisi cha kulinganisha. Kisha nikaenda kwenye ghala moja la kahawa ambako rafiki alikuwa ameniombea nafasi kwa mwonjaji. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu, mizani ndogo, birika la umeme na vijiko vipana. Alicheka nilipotoa chai. Hata hivyo hakuifanyia mzaha. Aliuliza kipimo, nikamtajia kile cha kimataifa cha kuonja chai: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Akapima, akamimina, akawasha saa ya simu.

Wakati tunangoja aliniambia jinsi mlima ulivyobadilika. Zamani mkulima aliikwanyua kahawa yote kwa pamoja, mbichi na mbivu, kwa kuwa bei ilikuwa moja. Siku hizi wapo wanunuzi wanaotaka tunda jekundu peke yake, na kahawa huonjwa na kupewa alama kati ya 100. Ikifika 80 na kupanda, huhesabiwa kuwa kahawa maalumu na bei yake hubadilika. “Mkulima akishaonja kahawa yake mwenyewe,” alisema, “hahitaji kuhubiriwa juu ya tunda jekundu.”

Saa ikalia. Alivuta kijiko cha kwanza kwa mlio, akakizungusha mdomoni, akatema. Akakaa. Akavuta cha pili. “Asali ipo,” akasema, “ila iko nyuma. Mbele kuna kitu cha mbao na matunda makavu.” Tukaifungua chupa ya sokoni, tukanusa hii na ile. Asali ya Masaba ilikuwa nzito zaidi, na ilikuwa na ukali wa moshi uliotokana na kuirina. Ya kikombeni ilikuwa nyepesi, lakini zilikuwa ndugu. Akaniambia tusiendelee, tuiache chai ipoe. Ilipokuwa vuguvugu, ile mbao ikarudi nyuma na asali ikaja mbele, wazi kiasi kwamba mlinzi wa ghala, aliyeingia kuuliza jambo lingine, aliitaja bila kuulizwa. Kahawa nzuri nayo, alieleza mwonjaji, hujisema vizuri inapoanza kupoa, na kahawa mbaya ndiyo inayoomba inywewe ya moto.

Nikamuuliza angeipa ngapi. Alikataa. Alisema hana mizani ya chai, na kuipa alama za kahawa ni kuikosea heshima. Badala yake aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake zuri: je, mkulima aliyechuma majani haya amewahi kuyanywa yakiwa hivi?

Nionavyo mimi, swali hilo ndilo linalotenganisha mazao haya mawili ya Uganda. Kahawa ya mlimani imeanza kuonjwa karibu na shamba, na ndimi za waliomo zinajua kilicho kizuri na kwa nini. Chai huonjwa mbali, Mombasa, na hukumu humrudia mchumaji ikiwa bei tu, bila maelezo. Nyumbani kwake yeye hunywa vumbi la sufuriani lenye sukari nyingi, sawa na mimi na wewe. Asiyejua jani lake lina asali hatakuwa na sababu ya kuchuma chipukizi laini akaacha jani gumu, na kiwanda kisichoulizwa na mnywaji hakitakuwa na sababu ya kulinyausha usiku kucha.

Hukumu yangu juu ya chai niliyoibeba ni hii: muuzaji wa Kampala hakusema uongo. Asali imo, si nyingi, na humtokea mwenye subira. Uganda inaweza kutengeneza chai ya kunywewa yenyewe, na hata duka la kawaida la Jinja au Mbale lingepaswa kuwa nayo rafuni kando ya ile ya punje.

Nawe msomaji, popote ulipo, tafuta chai ya majani mazima. Tia gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayotokota, funika dakika 6, iache ipoe kidogo, na funda la kwanza lipige bila sukari. La pili litie unavyopenda. Miwa ya Busoga haitakosa mnunuzi kwa sababu ya funda moja.